Nguo Ifuate Mwili, Mwili Usifuate Nguo



Mfungo mosi ukiingia, simu zetu hujaa mambo mawili: kadi za michango ya harusi na picha za magauni. Hizo picha za magauni ndizo zilizotufanya tuandike leo, kwa sababu ya jambo lililotupata wenyewe.

Sisi ni wanawake wa visiwani tunaoishi Dodoma. Wapo kati yetu walioletwa na kazi tangu Serikali ilipoanza kuhamia huku mwaka 2016, wapo waliofuata waume zao, na wapo waliokuja kusoma Chuo Kikuu cha Dodoma wakapata riziki wakabaki. Jumamosi baada ya Alasiri huwa tunakutana nyumbani kwa mmoja wetu. Tunasoma kidogo, tunakunywa chai, na mazungumzo hayakosi kufika kwenye nguo.

Mmoja wetu alimwoza mdogo wake hapahapa Dodoma. Bi harusi alinunua gauni la nikaha mtandaoni, na kwa makusudi akachagua kipimo kidogo kuliko chake. Zilikuwa zimebaki wiki saba. Alisema, "Nitaingia tu, gauni litanilazimisha." Akaanza kunywa majani ya kupunguza mwili aliyouziwa na mtu asiyemjua. Mchana alishinda na maji, jioni tende mbili na tango. Sisi watu wazima tulimwona anavyokwisha, na badala ya kumzuia tukamsifu: "Mashaallah, umekuwa modo!" Siku ya hina alianguka, piko bado bichi miguuni. Siku ya nikaha zipu haikufunga. Fundi alipasua mgongo wa gauni saa mbili kabla ya shughuli, akapachika kipande cha kitambaa, nasi tukafunika kwa mtandio. Ukimwuliza leo khutba ya nikaha ilizungumzia nini, hakumbuki. Anakumbuka zipu.

Hatumlaumu yeye. Tunajilaumu sisi tuliompigia makofi. Tangu siku ile tumeshika neno moja, na ndilo tunalotaka kuwaachia: nguo ifuate mwili, mwili usifuate nguo. Mwili ni amana tuliyopewa na Mola wetu. Nguo ni kitambaa, na kitambaa fundi hukikata, hukiunga, hukifumua na kukishona upya. Katika hivyo viwili, cha kubadilishwa kinajulikana.

Kipimo kilikuwa mkono wa mtu

Herufi za S, M na L ni wageni kwetu. Bibi zetu walivaa kanga, na kanga haina kipimo cha mtu. Doti moja humtosha mwembamba na humtosha mnene. Kinachobadilika ni namna ya kufunga. Hakuna bibi aliyewahi kurudi dukani akilia kwamba kanga imemkataa.

Na hapa Dodoma tunakumbuka jambo jingine. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kwenda bara ilipita Ugogo, na ili ipite ililipa hongo kwa watemi. Sehemu kubwa ya hongo hiyo ilikuwa vitambaa, merikani na kaniki. Kitambaa kilipimwa kwa mkono, kuanzia kiwikoni hadi ncha ya kidole. Mikono minne ilikuwa shuka, mikono minane ilikuwa doti. Yaani mwili wa binadamu ndio uliokuwa kipimo, na kitambaa ndicho kilichopimwa. Leo tumegeuza. Kitambaa kimekuwa hakimu, na sisi ndio tunaopimwa tuonekane kama tunakifaa.

Huko kwetu Unguja pia, hadhi ya kisheria ya utumwa ilipofutwa mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa wakivaa kaniki za kitumwa waliziacha wakavaa kanga za rangi na baadaye mabuibui. Hawakusubiri miili yao ibadilike ndipo wajione wanastahili nguo nzuri. Walivaa kwa miili ileile iliyofanya kazi mashambani, na nguo zao zikasema kwamba wao ni watu huru. Sisi wajukuu zao hatuna sababu ya kuvaa nguo kana kwamba tunaomba radhi.

Macho ya watu hayana kipimo kimoja

Tatizo la kuvaa kwa ajili ya macho ya watu ni kwamba macho hayakubaliani. Visiwani mama zetu walimsifu mwari aliyejaza, wakamfungia ndani alishwe vizuri ang'ae. Simu zetu zinatuonyesha kiuno cha nyigu na nyonga pana kwa mtu mmoja, mwili ambao wengi huupata kwa kisu cha daktari au kwa programu ya kurekebisha picha. Wakwe wanataka mnene kidogo, shoga wanataka modo. Utamfuata nani?

Wenyeji wa Dodoma watakumbuka yaliyotokea Bungeni mwezi Juni 2021. Mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, alitakiwa na Spika atoke ukumbini kwa sababu ya suruali aliyoivaa, baada ya mbunge mwenzake kulalamika. Picha zake zilizunguka nchi nzima. Wengine wakasema amevaa vibaya, wengine, wakiwemo wabunge wanawake wenzake, wakasema ameonewa. Hatuandiki leo kuhukumu suruali ile. Sisi tuna mipaka yetu ya dini na tunaijua. Tulichojifunza ni hiki: nguo moja, mwili mmoja, na watu walioiona siku moja hawakuona kitu kimoja. Anayetafuta utulivu katika macho ya namna hiyo hataupata mpaka kaburini.

Safari ilipangwa ifuate mwili wake

Tukirudi kwenye dini yetu tunakuta maneno mapana kuliko tunayoambizana. Katika Suratul A'raf, aya ya 26, Mwenyezi Mungu anataja vazi la kusitiri na vazi la pambo, kisha anatufahamisha kwamba vazi la ucha Mungu ndilo bora. Stara imetajwa, na pambo nalo limetajwa.

Sisi tunapenda sana kisa cha Bibi Sauda bint Zam'a, radhi za Allah ziwe juu yake. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba alikuwa mwanamke mwenye mwili mkubwa na mwendo wake ulikuwa mzito. Katika Hija, usiku wa Muzdalifa, alimwomba Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, ruhusa atangulie kuondoka kabla ya msongamano wa watu. Mtume akamruhusu. Na Bibi Aisha alitamani baadaye naye angaliomba ruhusa kama ile.

Tazameni, dada zetu. Bibi Sauda alisema haja yake bila kuficha. Hakuambiwa angepungua kwanza. Hakuchekwa. Safari ndiyo iliyopangwa ifuate mwili wake.

Na Bibi Aisha mwenyewe, imepokewa na Abu Daud kwamba alishindana mbio na Mtume akiwa mwepesi, akamshinda. Baadaye alipojaza mwili wakashindana tena, naye akashindwa, na ikawa mzaha wa mume na mke. Nyumba bora kuliko zote iliujua mwili wa mke uliobadilika, na mapenzi hayakupungua. Bi harusi, lichukue hili uende nalo kwenye ndoa yako, kwa sababu mwili wako utabadilika. Utazaa, utanyonyesha, utaugua, utapona, utazeeka inshaallah.

Stara si kujificha

Sasa tuseme jambo ambalo sisi tunaovaa hijabu hatulisemi. Wapo kati yetu wanaovaa abaya jeusi mara tatu ya miili yao, na sababu si Mwenyezi Mungu. Sababu ni mikono iliyonenepa baada ya uzazi, au tumbo, au kifua ambacho mtu alikitania tangu shuleni. Ukiwauliza watasema stara.

Stara ni ibada, na mtu huivaa moyo umetulia. Aibu ya mwili ni maradhi, na mtu huivaa huku anajichukia. Kwa nje zinafanana, kwa hiyo hatuna haki ya kumtazama mwenzetu njiani tukasema huyu ana hili au lile. Lakini kila mmoja anaweza kujiuliza mwenyewe: ukifika nyumbani, mlango ukafungwa, unafanya nini? Anayejisitiri huvua baibui, akavaa dira lake la rangi, akajitia manukato mbele ya mumewe au akacheza na watoto wake. Anayejificha huendelea kujificha hata chumbani. Huzima taa. Hukwepa kioo. Mmoja wetu alikaa miaka mitatu bila kupiga picha na mtoto wake mchanga, na mtoto sasa anauliza, "Mama, wewe ulikuwa wapi?"

Tunajua wapo watakaosema kwamba habari ya mtindo na kupendeza ni mlango wa tabaruji. Hofu yao ina msingi, na hatuipuuzi. Tunazungumza ndani ya mipaka: nguo pana, isiyoonyesha mwili, isiyo ya majivuno wala ya kuita macho barabarani. Ndani ya mipaka hiyo kuna nafasi kubwa ya rangi, vitambaa na mishono, na mwanamke anayejua kinachomfaa hushughulika na nguo yake dakika tano asubuhi kisha akaisahau. Huyo ndiye tunayemwita mwenye mtindo wake. Anayevuta, anayeficha na anayejitazama kila kioo cha gari ndiye aliyeshughulishwa na mwili wake siku nzima.

Dodoma ilivyotufundisha

Tulipokuja huku tulibeba maabaya yetu ya poliesta na mitandio ya shifoni. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na miezi mingi ya mwaka haioni mvua. Hewa ni kavu, upepo hauishi, na vumbi hukaa kwenye kitambaa cheusi kama unga. Poliesta kwenye hewa kavu hutoa cheche na kunata mapajani; kila hatua mtu anavuta gauni. Siku za mwanzo tulidhani miili yetu ndiyo iliyoharibika. Mbona abaya lilelile Unguja lilianguka vizuri? Kumbe kosa lilikuwa la kitambaa.

Shoga zetu wa Kondoa ndio waliotucheka kwanza, kisha wakatuelekeza. Tukaanza kuvaa shimizi ya pamba ndani, na kunata kukaisha. Shifoni tukaiweka ya shughuli za ndani, barabarani tukavaa mtandio wa pamba au wa jezi unaokaa bila pini kumi. Rangi za udongo, kahawia na kijani kibichi, zikachukua nafasi ya nyeusi siku za vumbi. Asubuhi za Juni na Julai, baridi inapong'ata, kanga moja ya mabegani ilitufaa kuliko koti tuliloazima. Hakuna aliyepungua wala kuongezeka, ila sote tulionekana watu wengine.

Kutokana na hayo tumejiwekea utaratibu, na tunawapa nanyi.

Kwanza, toa nguo zako zote kabatini uzivae moja moja. Kaa nayo kitako, inua mikono, kisha rukuu na usujudu. Nguo inayokubana kwenye sujudu au inayopanda mgongoni haikufai, hata ikiwa ya bei gani. Zile unazovaa ukajisahau ziweke upande mmoja, uzitazame zinafanana kwa nini: shingo, urefu, kitambaa, rangi. Hapo ndipo mtindo wako ulipo, na huna haja ya kuutafuta kwa mtu mwingine.

Pili, pima mwili wako: bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, na urefu kutoka begani hadi kifundoni. Usivute tumbo ndani, na usikaze futi. Andika kwenye daftari pamoja na tarehe. Tarehe ni muhimu, kwa sababu namba hizo ni habari za siku ile kwa ajili ya fundi. Hazisemi wewe ni nani.

Tatu, tafuta fundi wako umzoee. Mafundi wengi wa Majengo ni wanaume, na kupimwa na mwanamume asiye maharimu ni jambo la kuepuka. Apime dada yako nyumbani, umpelekee fundi karatasi na nguo moja inayokukaa vizuri aifuatishe. Mwambie aanze na bega. Bega likikaa, gauni huanguka lenyewe. Na mwambie aache kitambaa cha ziada ndani ya mshono ili nguo iweze kufumuliwa mwili ukibadilika.

Nne, ukienda mitumba ya Sabasaba, usisome lebo. Nguo zile zimetoka nchi mbalimbali na viwanda mbalimbali, na namba 14 ya huyu si namba 14 ya yule. Ukiipenda na ikakutosha, nunua, kisha kata ile lebo nyumbani ukaitupe.

Kwa bi harusi

Wewe, mwari wetu, gauni lako lishonwe kwa mwili ulio nao. Pimwa wiki chache kabla, jaribu angalau mara mbili, na mara moja ujaribu baada ya kula, kwa sababu siku hiyo kutakuwa na pilau na utaila. Omba mgongo wa kamba badala ya zipu. Kamba hulegezwa, zipu hupasuka.

Dawa za kupunguza mwili, za kuongeza nyonga na makalio, zinazouzwa kwa ujumbe wa simu na mtu asiye daktari, achana nazo. Mkorogo nao uache. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini kwa sababu vina madhara, na ngozi iliyochubuliwa haiwezi jua la Dodoma. Singo ipo, liwa ipo, dalia ipo. Bibi zetu walitupamba kwa hivyo, na lengo lilikuwa kung'arisha ngozi tuliyozaliwa nayo.

Na kama mwili wako una tatizo la afya, sukari au presha, nenda hospitali ukapimwe na ufuate ushauri. Mwili una haki juu yetu, Mtume alitufundisha hivyo. Lakini tiba ina muda wake na haina tarehe ya harusi. Gauni shona sasa, tiba iendelee.

Ndimi zetu

Jambo la mwisho linatuhusu sisi tunaomzunguka bi harusi. Waswahili tunaanza salamu na mwili wa mtu. "He, umenenepa!" "Mbona umekwisha hivyo?" "Mtoto wa pili ndio hivyo, je wa tatu?" Tunasema kwa mapenzi, lakini mwenzetu anakwenda nayo nyumbani na halali. Katika kikao chetu tumekatazana. Anayetaka kumsifu mwenzake amsifu rangi aliyochagua, mshono, harufu nzuri, au amwulize hali yake kweli. Ilikuwa vigumu wiki za mwanzo. Tulikaa kimya mlangoni tukitafuta maneno, kama watu waliosahau salamu.

Yule mdogo wake mwenzetu amejifungua mwaka huu, alhamdulillah. Kwa arubaini alimletea fundi kitambaa cha pamba cha kijani na karatasi ya vipimo vipya. Vipimo vimeongezeka, na aliviandika bila kuvipunguza hata nchi moja. Amevaa gauni lile, akaswali nalo, akanyonyesha nalo, akapigwa picha nalo akiwa na mwanawe mapajani. Hakushika mgongo.

Mwenyezi Mungu atupe nyoyo zenye kuridhika na umbo alilotuumba, atuvike vazi la ucha Mungu, na awabariki mabibi harusi wetu wote. Amin.

Wabillahi tawfiq.